Kisu, Njia ya Kawaida na Nepi ya Siku ya Nne

Mpe mtaalamu wa bakteria nepi ya mtoto wa siku nne. Usimwambie lolote kuhusu mama wala hospitali. Akishaipima maabara, ana nafasi kubwa ya kukuambia kama mtoto huyo alizaliwa kwa njia ya kawaida au kwa kisu. Mpelekee nepi ya mtoto yuleyule akiwa na miezi tisa, ataanza kusitasita. Mjadala wote wa watoto wa operesheni na "bakteria wazuri" wanaodaiwa kuwakosa uko kati ya nepi hizo mbili, na wengi wanaousambaza kwenye makundi ya WhatsApp wameishia kwenye ile ya kwanza.

Mimi nina watoto wawili, mmoja kwa kila njia. Wa pili alitolewa kwa kisu baada ya njia kugoma kufunguka na daktari kusema mtoto ameanza kuchoka. Kwa hiyo maneno nimeyasikia ya kutosha. Zamani mwanamke aliyepasuliwa aliambiwa hajazaa, kazalishwa. Siku hizi lawama ileile imevaa koti jeupe: umemnyima mtoto bakteria, ndiyo maana ana pumu, ndiyo maana mafua hayamwachi. Wifi yangu, ambaye kondo la nyuma limetangulia, yaani limekaa kwenye njia ya mtoto, na tayari amepangiwa operesheni, alinitumia ujumbe wa aina hiyo uliokwisha kupita kwenye simu za watu wengi kabla ya kufika kwake. Ndani yake kulikuwa na maelekezo ya kumpaka mtoto majimaji ya ukeni mwa mama kwa kipande cha gozi, kile kitambaa chepesi cha hospitali cha kufungia vidonda, "kama wanavyofanya wazungu". Akaniuliza, "Wifi, wewe si unafundisha baiolojia? Hili ni la kweli?"

La kweli limo. Shida ni kwamba ujumbe ule umeandikwa kana kwamba bado tuko mwaka 2010.

Mwaka huo timu ya mwanasayansi María Gloria Dominguez-Bello ilichapisha utafiti uliofanyika Puerto Ayacucho, mji wa jimbo la Amazonas kule Venezuela. Ulikuwa utafiti mdogo, akina mama 9 na watoto 10. Watoto walichukuliwa sampuli za ngozi na mdomo dakika chache tu baada ya kutoka, na choo chao cheusi cha kwanza kikapimwa. Waliopita njia ya kawaida walikutwa na bakteria wanaofanana na wale wa ukeni mwa mama zao, hasa Lactobacillus. Waliotolewa kwa operesheni walikutwa na bakteria wa ngozi, akina Staphylococcus. Ni matokeo ambayo hata mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angeyaelewa bila kuchorewa: mtoto amepakwa na kule alikopita.

Likazuka wazo la gozi. Mwaka 2016 timu hiyohiyo ilieleza jinsi kipande cha gozi kilivyowekwa ukeni mwa mama kwa saa moja kabla ya upasuaji, kikatolewa, kisha mtoto akapakwa mdomoni, usoni na mwili mzima mara alipotoka. Katika mwezi wa kwanza bakteria wa watoto hao walisogea kidogo kuelekea kwenye wale wa watoto wa njia ya kawaida. Habari ikazunguka dunia. Watoto waliopakwa walikuwa wanne. Wanne tu, na mama zao walipimwa kwanza. Namba hiyo kwenye ujumbe wa wifi haikuwepo, wala habari ya vipimo.

Vipimo ndivyo hasa vinavyotia hofu. Ukeni mwa mwanamke mwenye afya yake kunaweza kukaa bakteria waitwao streptokoka wa kundi B, ambao yeye hawamsumbui lakini kichanga wanaweza kumuua kwa siku chache. Kuna hepesi, kisonono, klamidia, kuna VVU. Mtoto wa operesheni iliyopangwa, ambaye chupa haijapasuka, mengi ya hayo angekuwa ameyakwepa. Ukimpaka gozi unamrudishia mwenyewe kwa mkono wako. Ndiyo maana mwaka 2017 chama cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Marekani kilisema jambo hilo lisifanywe nje ya utafiti. Kwa hiyo "wanavyofanya wazungu" ni kwamba wazungu wenyewe wameambiwa waache.

Halafu ukaja mwaka 2019, na hapo ndipo somo lilipogeuka. Uingereza, watafiti wa Taasisi ya Wellcome Sanger na vyuo vikuu vya London na Birmingham walichambua sampuli 1,679 za vinyesi vya watoto 596 na vya baadhi ya mama zao. Safari hii si watoto kumi. Walithibitisha kwamba tofauti ipo, tena kubwa, katika siku na wiki za mwanzo. Watoto wengi wa operesheni walikosa kabisa, au karibu kabisa, bakteria wa jamii ya Bacteroides, na mahali pao palijaa wenyeji wa hospitali: Enterococcus, Enterobacter, Klebsiella. Hao ni bakteria ambao mwalimu yeyote wa wauguzi angewataja kwenye somo la vidonda na mirija ya mkojo. Hata hivyo watoto hao hawakuwa wagonjwa. Walikuwa tu wamewabeba. Kadiri miezi ilivyosogea makundi mawili yakazidi kufanana, isipokuwa kwa hao Bacteroides, ambao kwa watoto wa kisu walichelewa kurudi.

Lakini kilichonifanya nisome ukurasa ule mara mbili ni kingine. Bakteria wa ukeni hawakuonekana kuwa na uzito wowote tumboni mwa watoto, si hawa wala wale. Waliojenga makazi kwenye utumbo wa mtoto wa njia ya kawaida walitoka kwenye utumbo wa mama. Kwa lugha ya wazi, walitoka kwenye kinyesi chake.

Ukishalisikia hilo unajiuliza ulikuwa unafikiri nini siku zote. Mwanamke akisukuma leba, kichwa cha mtoto kinakandamiza kila kilicho nyuma yake, na haja kubwa inatoka kidogo. Wakunga wanajua. Wanafuta, wanabadilisha kitambaa, wanaendelea kusema "sukuma mama, sukuma", na hawaji kukuambia. Sisi tunaona aibu, kumbe katika aibu hiyo mtoto anapokea urithi. Waliokulia kwenye nyumba za wafugaji watakumbuka kibuyu cha mgando, jinsi maziwa mapya yanavyoganda kwa sababu ya mabaki ya yale ya jana. Mama anampa mtoto mabaki yake ya jana, naye aliyapata kwa mama yake.

(Kuna waliodai kwamba urithi huo huanza mapema zaidi, ndani ya kondo. Mwaka 2014 watafiti wa Houston walitangaza kwamba kondo lina bakteria wake. Mwaka 2019 wenzao wa Cambridge walipima makondo ya wanawake zaidi ya 500 na kuona kwamba karibu wote waliodhaniwa kuwa wenyeji walikuwa uchafu wa maabara au wa wakati wa kujifungua. Kwa kawaida mtoto anakuja duniani bila bakteria, au karibu na hivyo.)

Kama chanzo ni kinyesi na si uke, basi majaribio mawili yanaeleweka vizuri. La Auckland, New Zealand, lililochapishwa 2021, liliwanywesha watoto wa operesheni bakteria wa ukeni mwa mama zao. Matumbo yao hayakubadilika. La Helsinki, Finland, la mwaka 2020, lilichukua kinyesi cha mama kiasi kidogo mno, likakichanganya na maziwa, mtoto akanyweshwa. Watoto saba. Bakteria wao wakawa kama wa watoto wa njia ya kawaida kwa haraka ya kushangaza. Kabla ya hapo walijitolea akina mama 17, wakapimwa kwa wiki kadhaa, na zaidi ya nusu wakaondolewa. Nalisema hili kwa sauti kubwa kabla mtu hajaanza kuandaa kikombe nyumbani: Finland, nchi yenye maji safi na choo kila mahali, akina mama wasiofaa walikuwa wengi kuliko waliofaa. Kwetu, penye kipindupindu, amiba na minyoo, sitaki hata kuwaza.

Basi tumwache kidogo mama na tuangalie dripu.

Mwanamke anayepasuliwa hupewa antibayotiki kabla ya kisu kugusa ngozi, na zinavuka kondo. Utafiti ule wa Uingereza uliona kwamba hata watoto wa njia ya kawaida ambao mama zao walipewa antibayotiki za kinga walikuwa na upungufu unaofanana na wa watoto wa kisu, japo kwa kiwango kidogo. Waliokosa maziwa ya mama wiki za mwanzo nao hivyohivyo. Maana yake ni kwamba tunachokiita "athari ya operesheni" ni mzigo wenye vitu kadhaa ndani yake, na njia aliyotokea mtoto ni kimoja tu.

Sitamwambia mtu akatae dawa hizo. Utafiti mkubwa wa upasuaji uliofanyika katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa 2019 ulikuta akina mama takriban 5 katika kila operesheni 1,000 za uzazi wanafariki, kiwango kinachokaribia mara 50 ya nchi tajiri. Kutoka damu ndiyo tatizo kubwa, na maambukizi nayo yamo kwenye foleni. Sindano ile ni kinga ya uhai wa mama. Ninachokihoji ni wingi wa dozi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja kabla ya kupasua. Nenda wodi ya wazazi sasa hivi ukaulize wangapi bado wana kanyula, kile kimrija cha dawa, mkononi siku ya tatu, wanachomwa asubuhi na jioni "ili kidonda kisioze". Na jibu la kama dozi nyingi zinahitajika halikutoka Ulaya. Lilitoka Mwanza, hospitali ya Bugando, ambako madaktari waliwagawa wanawake 500 kwa bahati nasibu, nusu wakapewa antibayotiki za gentamisini na metronidazoli mara moja, nusu wakaendelea na dozi nyingi kama ilivyozoeleka. Walichapisha mwaka 2013. Dozi moja ilifanya kazi sawasawa na nyingi. Ingekuwa heri ujumbe huo ndio ungezunguka WhatsApp.

Ninakuja sasa kwenye maziwa, na hapa nitakaa.

Mwaka 1899, jijini Paris, daktari kijana wa Taasisi ya Pasteur aitwaye Henry Tissier alimwona kwa mara ya kwanza bakteria mwenye umbo la kigawanyiko cha Y kwenye kinyesi cha watoto wanaonyonya. Leo tunamwita Bifidobacterium. Ilichukua miongo mingi kuelewa kwa nini anapenda watoto wa maziwa ya mama. Ukiondoa maji, vitu vinavyoongoza kwa wingi kwenye maziwa ya mama ni laktosi na mafuta. Cha tatu ni sukari za pekee, aina zaidi ya mia, ambazo mtoto hawezi kuzisaga. Hana vimeng'enya vyake. Mwili wa mama unatumia nguvu nyingi kupika chakula ambacho mlaji wake si mtoto, ni bakteria walio ndani ya mtoto. Bingwa wa kuzila ni Bifidobacterium infantis: anazivuta ndani yake nzima nzima, hawaachii wengine makombo, na anachokitoa ni asidi inayowafanya akina Klebsiella wakose raha.

Bingwa huyo amekuwa adimu Ulaya na Marekani, hata kwa watoto waliozaliwa kwa njia ya kawaida. Mwaka 2022 watafiti wa Stanford na wenzao walichapisha kwenye jarida la Science uchunguzi wa vinyesi vya watoto wa Kihadzabe, wa kando ya Ziwa Eyasi, wakavilinganisha na vya watoto wa nchi za viwanda. Kwa Wahadzabe B. infantis alikuwa amejaa. Watu wananunua makopo ya unga wa bakteria kwa pesa za kigeni, wakati chanzo kipo mwendo wa saa kadhaa kwa gari kutoka Arusha, na pengine wenyewe hawajawahi kuambiwa kwamba wanacho. Sisi tunaokaa Dar tuko wapi katikati ya hapo? Pengine karibu na Eyasi kuliko tunavyodhani, pengine tunahama haraka. Operesheni nazo zinaongezeka: duniani ni mtoto mmoja kati ya watano hivi, na kwa Tanzania takwimu za taifa zilipanda kutoka asilimia 6 mwaka 2015–16 hadi 11 mwaka 2022. Ndani ya asilimia hizo kuna mwanamke wa kijijini aliyehitaji kisu akakikosa, na kuna aliyepasuliwa mjini Ijumaa kwa sababu daktari alikuwa na safari Jumamosi.

Uholanzi, katika utafiti uliochapishwa 2023, walifuatiliwa mama 120 na watoto wao. Walichokiona ndicho nilichomtumia wifi kwanza kabla ya vyote. Kwa wastani asilimia 58.5 ya bakteria wa mtoto waliweza kuhusishwa na mama yake, awe alizaliwa kwa kisu au la. Mtoto wa kisu alipata wachache kutoka kwenye kinyesi cha mama, lakini akapata wengi zaidi kupitia maziwa. Njia moja ikifungwa, nyingine inabeba zaidi. Waliobaki pengine wanatoka kwa baba, bibi, kaka zake, kila anayembeba na kumbusu. Kwetu pwani wanatoka hata kwenye tende, ile anayotafuniwa mtoto na mtu mwema na kupakwa kaakaani. (Ushauri wangu juu ya tende ni mdogo: mtu mwema huyo asiwe na kikohozi.)

Na pumu? Uhusiano upo kwenye takwimu, siufichi. Ila Denmark walipowafuatilia watoto 700 hadi umri wa miaka sita, waliona kwamba hatari ya pumu ilikuwa kwa wale wa operesheni ambao hadi mwaka mmoja bakteria wao bado walikuwa na sura ya siku za mwanzo. Ambao bakteria wao walikuwa wamekomaa kufikia mwaka mmoja hawakuwa na hatari ya ziada. Kwa hiyo muda wa kurekebisha mambo ni mwaka mzima, na siyo zile dakika tano za gozi. Wangu wa pili, wa kisu, hana pumu. Mwenye kifua ni yule wa njia ya kawaida. Mtoto mmoja na mwingine si utafiti, lakini mawifi wanapenda mifano ya nyumbani.

Tatizo la kweli la maziwa baada ya operesheni ni kwamba yanachelewa. Mama ana ganzi, ana maumivu, pengine alishinda njaa na uchungu kabla ya kupasuliwa. Mtoto anapelekwa pembeni. Maziwa yakichelewa, kopo linakuja. Hili si la leo. Mwaka 1879, huko Kahura katika Bunyoro, Uganda ya leo, mwanafunzi wa udaktari kutoka Uingereza aitwaye Robert Felkin alishuhudia waganga wa Kinyoro wakimpasua mwanamke wa miaka ishirini hivi, mimba ya kwanza. Walimlewesha kwa pombe ya ndizi, wakaoshea pombe hiyohiyo mikono na tumbo lake, wakazuia damu kwa chuma cha moto, wakafunga kidonda kwa vijiti vyembamba vya chuma na nyuzi za magome. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona, mama na mtoto wazima. Wengi wanaoisimulia habari hiyo huishia kwenye pombe ya ndizi. Mimi nilivutwa na sentensi ndogo ya Felkin kuhusu maziwa: mtoto aliwekwa titini saa mbili baada ya operesheni, lakini kwa siku kama kumi maziwa ya mama yalikuwa haba, na mtoto akanyonyeshwa zaidi na rafiki wa mama. Siku hizi, kwa ajili ya VVU, hatushauri hivyo. Ila wale watu walielewa kwamba aliyepasuliwa anahitaji mtu wa pili kitandani kwake.

Wifi akasoma yote hayo. Nilikuwa nimemalizia na mambo ya kumuuliza daktari wake: kama mtoto ataweza kulazwa kifuani kwake mle thieta, kama atanyonyeshwa ndani ya saa moja, kama antibayotiki zitakuwa dozi moja. Na kwamba dang'a, yale maziwa ya kwanza, lisikamuliwe na kumwagwa, hata mama mkwe akisema ni chafu.

Akanijibu kwa sauti, akicheka: "Haya mwalimu. Na nani atanishikia mtoto titini wakati miguu yote imekufa ganzi na nesi ni mmoja wodi nzima?"

Sikuwa na utafiti wa kumpa. Nilipopasuliwa mimi, mama yangu alikaa nje ya geti na chupa ya uji wa pilipili manga mpaka saa ya kuona wagonjwa, na mtoto alilia kwenye kitanda cha pembeni ambako sikuweza kumfikia. Ndugu mmoja angetosha: mwanamke aliyenawa mikono, anayejua kumweka mtoto titini. Nikamwambia aulize kliniki mapema kama ataruhusiwa kuingia na mtu. Ameuliza. Kaambiwa inategemea nani yuko zamu siku hiyo.